Kahawa ya mizimu, na mizimu yetu isiyo na jina



Sisi watu wa Bangboka tunajua kungoja. Toka uwanja wa ndege mpaka katikati ya Kisangani ni karibu kilometa 17, na ndege ikichelewa mtu hawezi kwenda nyumbani halafu arudi tena. Anatafuta benchi, anaomba kikombe. Mama anamimina kahawa nyeusi, anatia sukari na tangawizi, na masimulizi inaanza. Mahali watu wanangoja, hadithi ya mizimu haikosi: mamba muntu aliyemtajirisha mfanyabiashara fulani, marehemu aliyeonekana akinunua samaki katika soko ya muji mwingine, mtoto aliyeota hatari kabla ya mtumbwi kuzama. Nimekunywa kahawa na hadithi za namna hii tangu utoto wangu. Sikufikiri kwamba siku moja nitazihukumu.

Katika kijitabu hiki chama kimeomba kila mwandishi achukue desturi moja na kuipima, si kuisifu tu, wala kuitukana. Mimi nimechukua desturi ya kusimulia mizimu ya soko. Nitaanza mbali, kule Amerika, kwa sababu ndiko nilikoona desturi hii ikiuzwa pamoja na kahawa. Mara nyingi mtu anaona vizuri kasoro ya nyumba yake akiisha kulala kwa jirani.

Kikombe cha Seattle

Leki yangu anaishi Kent, muji ulio kusini ya Seattle, nafasi Wakongomani wengi wamepata makao. Nilipomtembelea aliniambia: «Yaya, leo nitakupeleka soko. Kule kuko kahawa ya mizimu.» Nilicheka. Nikamwambia: «Leki, nimelipa tikiti ya ndege toka Kongo, halafu unanipeleka kuona mizimu? Kwetu iko ya bure.»

Soko ile inaitwa Pike Place Market. Ilifunguliwa tarehe 17 mwezi wa nane 1907. Watu wa muji walikuwa wamechoka na bei ya vyakula, zaidi sana kitunguu, kwa sababu wachuuzi wa katikati walikuwa wanakula faida, mkulima anapata kidogo na mnunuzi analipa sana. Baraza ya muji ikaruhusu wakulima kuleta mikokoteni yao na kuuza wao wenyewe. Hii mtu wa Kisangani hana haja ya kufasiriwa. Mama anayeshuka mto na mihogo yake anajua vizuri tofauti kati ya bei anayopewa kwenye kivuko na bei ile ile mihogo inayouzwa sokoni saa moja baadaye. Tena mwaka 1971 kulikuwa mpango wa kubomoa sehemu kubwa ya soko na kujenga majumba marefu. Wananchi wakapiga kura, wakakataa, na soko ikabaki. Kwa hiyo msidhani ninaisimulia kwa dharau. Ni soko kweli, ina samaki, ina maua, ina makelele, na watu wake waliipigania.

Chini ya soko kunapita kichochoro kinachoitwa Post Alley. Ukuta wake mmoja umejaa chingamu ambayo wapitaji wametafuna na kubandika. Mwaka 2015 waliusafisha, wakatoa zaidi ya tani moja, na watu wakaanza tena kubandika. Karibu na ukuta huo kuna mkahawa mdogo, Ghost Alley Espresso. Jina lenyewe linajitangaza: kahawa ya kichochoro cha mizimu. Watalii wanapita hapo wakisikiliza hadithi za wafu wa soko, kisha wanashika kikombe chao cha karatasi na kuendelea.

Sisi pia tulishika chetu. Nafasi ni ndogo, sawa kibanda cha kuuzia mkate kwetu. Kahawa ilikuwa moto, chungu, nzuri. Muzimu hakuja. Leki aliniuliza: «Yaya, umesikia kitu?» Nikamjibu: «Nimesikia bei.»

Tulicheka wote wawili. Lakini usiku, kitandani, hadithi zilinirudilia moja moja, nami nikaanza kujiuliza nini ilikuwa inanisumbua ndani yake. Haikuwa woga. Ilikuwa hasira kidogo.

Mizimu mitatu ya soko ile

Hadithi ni nyingi; nitachukua tatu zinazosimuliwa zaidi.

Ya kwanza ni ya jengo la Butterworth. Lilijengwa mwaka 1903 kwa kazi ya kutayarisha na kuzika maiti, na mgongo wake unaangalia kichochoro kile kile cha Post Alley. Leo ni baa ya Waairilandi. Wanasema glasi zinavunjika zenyewe na vivuli vinapita kwenye vioo. Hadithi hii haina mtu ndani. Ina maiti, lakini haina marehemu. Nani huyo anayevunja glasi? Mtoto wa nani? Alikufa na nini? Hakuna anayeuliza. Ni woga wa nyumba tu.

Ya pili ni ya mama kinyozi mnene. Wanasema zamani alikuwa anawaimbia wateja nyimbo za kubembeleza mpaka wanalala, kisha anawachomolea pesa mifukoni. Siku moja sakafu ya soko, iliyokuwa imechoka, ikakatika chini ya uzito wake. Hata leo, wanasema, usiku watu wa usafi wanamsikia akiimba. Hii ni hadithi ya kuchekesha, na kama hadithi ya kuchekesha imetengenezwa vizuri: ina wimbo, ina wizi, ina adhabu. Bibi zetu wangeipenda. Lakini tuone anayechekwa ni nani: mwanamke maskini na mnene aliyeanguka akafa. Sakafu mbovu haina mwenyewe katika hadithi. Hakuna anayeuliza nani alipaswa kuitengeneza.

Ya tatu ndiyo iliyonikosesha usingizi. Muzimu mkubwa wa Pike Place ni mwanamke mzee mwenye kitambaa kichwani, ameketi na vikapu vyake. Mtalii anainama apate kuvitazama, na mzee anatoweka. Huyu si mtu wa kubuniwa. Jina lake la kwao lilikuwa Kikisoblu. Wazungu walimwita Princess Angeline. Alikuwa binti wa Seattle, mkuu wa Waduwamish na Wasuquamish, ambaye muji umechukua jina lake. Mwaka 1855, kwa mapatano ya Point Elliott, watu wake waliambiwa watoke waende kukaa katika nchi waliyotengewa. Yeye alikataa. Alibaki katika nyumba ndogo ya mbao karibu na maji, chini ya pale soko ilipo leo, akifua nguo za wazungu na kuuza vikapu. Mpiga picha Edward Curtis alimlipa dola moja kwa kila picha. Alikufa tarehe 31 mwezi wa tano 1896, miaka 11 kabla ya soko kufunguliwa.

Sasa angalieni hadithi inafanya nini. Mwanamke huyu katika maisha yake alisema neno moja tu kubwa: sitoki. Hadithi inamwonyesha akitoweka. Yeye aliyekataa kuondoka, wamemfanya kuwa mtu ambaye kazi yake ni kuondoka, tena kila siku, mbele ya wageni. Na watu wake, Waduwamish? Mpaka mwaka 2015 serikali ya Amerika ilikataa tena kuwatambua kama taifa la wenyeji. Muzimu wa bibi anatambuliwa katika kila kijitabu cha watalii. Wajukuu wake serikali inasema haiwaoni. Mwenye kusimulia angeweka jambo hili moja mwishoni mwa hadithi, hadithi ingekuwa na uzito. Bila hilo ni mapambo ya kahawa.

Tena kuna wafu wengine wa soko ile ambao mizimu yao haisimuliwi sana. Kabla ya vita ya pili ya dunia, sehemu kubwa ya wakulima waliouza pale walikuwa watu wa asili ya Japani. Tarehe 19 mwezi wa pili 1942 rais Roosevelt alitia sahihi amri iliyowatoa manyumbani mwao. Zaidi ya watu 110,000 wa pwani ya magharibi walipelekwa kambini, na meza zao sokoni zikabaki wazi. Wengi hawakurudi tena kuuza. Mtu akitaka kuwaona, asifuate matembezi ya mizimu. Aangalie juu, kwenye mwingilio wa soko, ile picha ya vipande vitano ambayo msanii Aki Sogabe alitengeneza mwaka 1999: wakulima wanalima, wanavuna, wanauza, halafu hawako. Picha ile haimtishi mtu. Lakini mimi ndiyo iliyonisimamisha.

Vipimo vitatu

Kutokana na safari ile nilijitengenezea vipimo vitatu vya hadithi ya muzimu, navyo nimevichukua kwa wazee wetu, si kwa Wamerika.

Kipimo cha kwanza: muzimu ana jina na ukoo? Kwetu muzimu si kivuli cha kila mtu. Ni muzimu wa watu fulani. Akija katika ndoto, anakuja kwa mtoto wake ao kwa mjukuu wake. Mgeni hawezi kumnunua.

Kipimo cha pili: muzimu anadai nini? Wazee wanasema marehemu harudi bure. Hakuzikwa vizuri, deni lake halikulipwa, mtoto wake amesahauliwa, matanga hayakumalizika. Hadithi ikiisha, msikilizaji anapaswa kujua kuna kazi gani iliyobaki. Muzimu asiyedai kitu ni mchezaji wa sinema.

Kipimo cha tatu: hadithi inamtupia nani mzigo? Kwa sababu kila hadithi ya muzimu inatafuta mwenye kosa. Ikimpata mwenye nguvu aliyekosa kweli, ni hadithi ya haki. Ikimpata mnyonge, ni hatari, hata kama imesimuliwa vizuri namna gani.

Hadithi za Seattle zinaanguka kwenye kipimo cha pili, karibu zote. Ya bibi Kikisoblu inapita ya kwanza nusu, kwa sababu jina liko, lakini ukoo umefungiwa inje.

Kahawa ya Zanzibar, mwaka 1995

Kuna mtu atasema: hayo ni ya wazungu, sisi Waswahili tunajua kusimulia. Ngojeni kwanza.

Kiswahili chetu cha Kisangani kilifika na misafara ya Wangwana wakati wa Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 aliwekwa kuwa liwali wa Stanley Falls kwa jina la Leopold wa pili. Kwa hiyo Zanzibar ni kama bibi wa lugha yetu. Kule kunywa kahawa barazani ni shule kamili. Katika Mji Mkongwe kuna pembe inayoitwa Jaws Corner, watu wanaketi kwenye baraza za saruji, kahawa inamiminwa katika vikombe vidogo, na habari zote za dunia zinapita hapo: siasa, mpira, vifo, na mizimu.

Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mapinduzi, habari iliyopita kwenye baraza zote ilikuwa ya popobawa. Ilianzia Pemba ikavuka mpaka Unguja. Walisema ni shetani mwenye bawa la popo anayewavamia watu usiku kitandani, tena anamwamuru aliyevamiwa kuwasimulia wengine, asipofanya hivyo anarudiliwa. Watu wazima walilala inje, makundi makundi, kuzunguka moto. Kama fundi wa hadithi, aliyeitunga hii, awe nani, alikuwa fundi kweli. Hadithi inayobeba ndani yake amri ya kusimuliwa haiwezi kufa. Inajilisha yenyewe.

Tena ilisema kitu ambacho watu hawakuweza kusema wazi. Pemba ina kumbukumbu ngumu tangu mapinduzi ya mwaka 1964, na watu wengi waliisoma popobawa kama habari ya siasa na ya woga wa uchaguzi. Mpaka hapo mhakiki anaweza kusifu. Lakini mwaka ule ule, katika muji wa Zanzibar, kijana mmoja mwenye ugonjwa wa akili alishikwa na kundi la watu waliosema ndiye popobawa. Walimwua. Hakuwa na bawa. Alikuwa mgonjwa.

Hapo kipimo cha tatu kinafunga kitabu. Hadithi iliyoanza kwa kusema woga wa wanyonge ilimaliza kwa kumla aliye mnyonge kuliko wote.

Na sisi?

Tusimcheke Mzanzibari. Mwaka 2001, katika Ituri, upande wa Aru, jimbo ambalo wakati ule lilikuwa moja na letu, mamia ya watu waliuawa kwa kushtakiwa uchawi katika majuma machache. Wengi walikuwa wazee. Vita ilikuwa imeleta magonjwa na vifo, na watu walitaka kuona sura ya anayeua. Wenye silaha hawakushikika. Bibi wa jirani alishikika.

Hata sokoni kwetu tunaifanya kila siku kwa kipimo kidogo. Mama mmoja anauza kuliko wenzake, mara moja masimulizi: «Huyu iko na kitu chini ya meza.» Mtoto yatima anayelala sokoni anaonekana akisema peke yake, mara moja: «Huyu mutoto ni ndoki.» Sheria ya Kongo ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya kumlinda mtoto inamwadhibu mwenye kumshtaki mtoto uchawi, lakini sheria hainywi kahawa na sisi saa moja asubuhi. Sisi ndio tunaokuwapo pale neno linaposemwa. Sisi ndio tunaweza kuuliza: «Umeona kweli, ao umesikia?»

Siyo kwamba masimulizi yetu ni mabaya yote. Chukueni mamba muntu, mwanamke nusu samaki, ambaye wachoraji wa Kisangani, Bunia na Lubumbashi walimchora sana, watu wakamtundika sebuleni. Mtu anapata kitana chake ao nywele zake, naye anampa utajiri. Lakini mtu huyo anafunga mdomo, ndoa inavunjika, watoto hawaonekani. Kila mtu aliyeishi wakati wa Mobutu anajua hadithi hii inasema nini. Mwezi wa kumi na moja 1973 maduka na mashamba ya wageni yaligawiwa, na watu ambao jana hawakuwa na kiti waliamka na bohari tatu. Bohari zikaliwa, zikabaki rafu tupu. Namna gani ya kusimulia jambo lile wakati kusema ilikuwa hatari? Watu walisimulia mamba muntu. Hiyo ni hadithi inayopita vipimo vyote vitatu: mwenye mali anajulikana, deni linajulikana, na mzigo unamwangukia aliyekula.

Muzimu 516

Sasa nafika kwenye jambo lililonisukuma kuandika.

Niliporudi nilisimulia safari yangu katika mkutano wa chama. Kijana mmoja mwenye akili alisimama akasema: «Papa, na sisi tufanye vile. Wageni wanatua Bangboka, hatuna kitu cha kuwaonyesha zaidi ya Wagenya na mitego yao. Tufungue kahawa ya mizimu pale sokoni. Tutasimulia 1964, tutasimulia vita ya siku sita. Watalipa.» Wengine walipiga makofi. Wengine walikasirika wakasema ni kuwatukana wafu. Mimi nilinyamaza, kwa sababu kijana hakusema upuzi. Muji unahitaji kazi. Na hadithi zisizosimuliwa zinakufa pamoja na wazee.

Lakini tupime kwa vipimo vyetu. Toka tarehe 5 mpaka 10 mwezi wa sita 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda walipigana ndani ya Kisangani, muji usio wa kwao, kwa mabomu mazito, huku wakigombania daraja la Tshopo na barabara zetu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 inasema raia waliokufa ni kati ya 244 na 760, kufuatana na aliyehesabu. Waliojeruhiwa ni zaidi ya 1,000. Nyumba zilizobomolewa ni zaidi ya 400. Kanisa kubwa la Notre-Dame liliharibiwa.

Someni tena: kati ya 244 na 760. Toa ile ndogo kwenye ile kubwa. Wanabaki watu 516. Watu 516 ambao mkono mmoja unasema walikufa na mkono mwingine hauna hakika. Hawako kati ya wazima, hawako sawasawa kati ya wafu. Wazee wangeniuliza neno la kumwita mtu wa namna hiyo, ningesema: ndiye muzimu hasa. Wengi walizikwa haraka, uani, kando ya nyumba, kwa sababu mabomu hayakuacha nafasi ya kufika makaburini. Matanga yao yalifanywa kwa kunong'ona ao hayakufanywa.

Na hawa wanadai kitu. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya La Haye ilisema Uganda ina kosa. Tarehe 9 mwezi wa pili 2022 ikaamua Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, kati yake milioni 225 kwa madhara yaliyopata watu. Katika hukumu ile mahakama ilisema pia kwamba ushahidi ulioletwa haukutosha kujua hesabu kamili ya waliokufa, ndiyo maana ikaweka kiasi cha jumla. Kuhusu Rwanda, mahakama haikuweza kusikiliza mashtaka, kwa sababu Rwanda haikukubali mamlaka yake. Hapa Kongo kuliundwa mfuko wa kuwalipa waathirika, na kila nyumba iliyoguswa inajua maswali yake: nani anaweza kuonyesha karatasi, nani ana shahidi, jina la marehemu liliandikwa wapi.

Mnaona sasa? Katika kahawa ya Seattle jina la marehemu ni chumvi ya hadithi. Kwetu jina ni ushahidi. Anayesimulia «wafu wa vita ya siku sita wanalia usiku kwenye daraja» bila jina hata moja, anawaongeza kwenye wale 516. Anawafanya kuwa kivuli mara ya pili. Lakini anayesema «hapa, nyuma ya muembe huu, alizikwa fulani, binti wa fulani, alikuwa anauza mafuta ya mawese, bomu lilimkuta jikoni», huyo amemtoa mtu mmoja katika kivuli. Baada yake wanabaki 515.

Kahawa yenyewe

Neno moja juu ya kinywaji, kwa sababu nacho kina wafu wake. Mwishoni mwa karne ya 19 wazungu walichukua toka upande wa Lomami, mto unaoingia katika Kongo pale Isangi, mbegu ya kahawa ya msitu. Ikapelekwa Brussels, ikauzwa kwa jina la robusta, na mwanzoni mwa karne ya 20 ilifika Java, ambako ugonjwa wa kutu ulikuwa umeua arabika. Toka hapo ilienea dunia nzima. Tangu mwaka 1933 Yangambi ilikuwa nyumba kubwa ya kuichunguza. Babu zetu waliilima kwa amri, walilipwa kidogo, walichapwa. Baadaye ugonjwa wa kunyauka ukaja, ukaua mashamba mengi upande wa Isiro na kwingine, na leo katika Kisangani, nyumbani mwa robusta, familia nyingi zinakunywa kahawa ya kopo iliyotoka ng'ambo.

Kwa hiyo nilipokuwa nimeshika kikombe changu katika kichochoro kile, sikuwa na hakika ni mbegu gani ilikuwa ndani. Lakini nilijua kwamba, kama kuna muzimu katika kahawa ya dunia, mmoja wao anasema lugha za Lomami. Huyo hakuna aliyenisimulia.

Jibu kwa kijana wetu

Nilimpa kijana jibu baada ya siku chache, na ninaliandika hapa wengine walipime.

Kahawa ya mizimu, hapana. Si kwa sababu ya woga, wala si kwa sababu ya dini. Ni kwa sababu mgeni anayelipa apate kutishwa anaondoka na furaha yake, na sisi tunabaki na wafu wale wale.

Lakini kahawa yenye benchi na kitabu, ndiyo. Chama kiweke daftari moja pale sokoni na lingine hapa Bangboka. Kila anayekunywa, akiwa na marehemu wa mwezi wa sita 2000, ao wa 1964, aseme jina, ukoo, nafasi alipozikwa, na nani aliona. Aandikiwe polepole, bila kulipa na bila kulipwa. Mwandishi asome tena kwa sauti, msemaji asahihishe, atie kidole. Mtu akianza kusema «aliuawa na ndoki fulani», mwandishi afunge kalamu, amwulize: «Uliona ao ulisikia?» Na mgeni akitaka kusikiliza, tumsomee. Hatatishika. Pengine atanyamaza kidogo kabla ya kumaliza kikombe.

Kijana alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza: «Sawa, papa. Na jina la kwanza ni ya nani?» Sikuwa nimejitayarisha. Tulikuwa tumeketi kwa mama wa kahawa hapa kando ya barabara ya uwanja wa ndege, naye alikuwa anaosha vikombe, ametupa mgongo. Bila kugeuka akasema: «Andikeni wa kwangu.»

Hatukuwa na daftari. Kijana alichukua karatasi ya sukari, akaikunjua juu ya goti lake.